Jike Aliyenaswa Siku ya Sabato

Mama alicheka mpaka akashika mbavu siku ya kwanza aliponiona nikikata ndizi mbivu na kuzitia ndani ya mitego. "Ati chuo chote kile ulikuwa unasomea kulisha panya?" Nikamweleza kwamba huyu si yule wa ghalani. Huyu huishi juu ya miti, hulala mchana kutwa katika tundu la shina, na mkia wake una manyoya kama wa kindi. Nilitaka kujua kama bado wapo katika kile kipande cha msitu kilichobaki chini ya shamba letu la majani chai, huku upande wa Ekerenyo. Mitego yangu ni visanduku tu. Nikimkuta mnyama alfajiri, namkagua na kumwachilia.

Kila Ijumaa niliifunga yote kabla ya jua kutua, maana Sabato ikiingia, kwa mama hata chakula huwa kimeshapikwa. Ijumaa ile, nikishuka kwenda kuifunga, niliteleza kwenye matope nikateguka kifundo cha mguu. Jirani alinipeleka zahanati kwa bodaboda, tukarudi giza limeshaingia. Mitego ikabaki wazi.

Wiki hiyo nilikuwa nimemshika jike anayenyonyesha. Akinaswa tena akose kuachiliwa mapema, kwa baridi ya huku kwetu, yeye na wanawe basi. Kumwomba mama afanye kazi yangu siku ya Sabato sikuthubutu. Nilimwambia tu kwamba yule mnyama ana watoto. Akaenda kulala.

Alfajiri nikasikia mlango. Nikadhani ameenda kanisani bila hata kunijulia hali, na kusema kweli nilikasirika.

Alirudi gauni lake la kanisani limelowa umande hadi magotini.

"Alikuwa ndani, yule mzazi," akasema. "Nimemfungulia, na hakukimbia. Amekaa hapo mlangoni akamaliza ndizi kwanza. Hiyo njaa ya kunyonyesha naijua. Ile mitego mingine nimeifunga."

"Na Sabato, mama?"

"Ng'ombe akitumbukia kisimani, si anatolewa?"

Nililia, na si kwa ajili ya mguu. Mama akauinua mguu wangu juu ya mto, akaniwekea uji karibu, kisha akaenda kanisani na gauni lile lile bichi, akiwa amechelewa kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka.