Tapeli Niliyemripoti Benki

Tangu nimalize chuo nimeomba kazi kila mahali, hata kwa benki yangu hapa Nakuru. Juzi mwanamke akanipigia, akasema anatoka benki hiyo, akaomba nambari ya kitambulisho. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na hiyo adabu ndiyo ilinitia shaka.

"Mathe, unapiga ukiwa jela gani?" nikamuuliza, nikakata.

Sikutulia. Je, kama tayari wanajua PIN yangu? Nikakimbia benki kuripoti, nikipaza sauti ili wateja wote wajihadhari. Dada wa kaunta akaipiga ile nambari. Simu ikalia nyuma yake.

Mama mmoja akainua kichwa. "Kumbe ni wewe? Nilikuwa nakuita intavyuu."