Fundi wa Greyville anavyomfundisha mkewe kushuka mteremko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, Mobeni, eneo la viwanda la Durban, bado imelala. Mageti ya viwanda yamefungwa, malori hayaonekani, na kwenye njia ya changarawe inayoteremka nyuma ya maghala yuko mwanamke aliyeng'ang'ania usukani wa baiskeli kama aliyeshika pembe za ng'ombe mkali.

"Usiachie, Papa Diane! Nakuambia usiachie!"

"Siachii, mama. Mukono yangu iko hapa nyuma. Angalia mbele, wacha kuangalia tairi."

Mwanamke huyo ni Gloriose, miaka arobaini na sita, mshona nguo. Anayekimbia nyuma yake, mkono mmoja kwenye kiti, jasho likimtoka kwenye baridi hii ya Mei, ni mumewe Bizimana, fundi baiskeli wa mtaa wa Greyville. Wote wawili ni Warundi, na Durban wameishi muda mrefu kuliko walivyoishi kwao wakiwa watu wazima.

Leo si siku ya mchezo. Kabla ya jioni, Eddy, kiongozi wa kundi moja la waendesha baiskeli la hapa mjini, anataka jibu: Gloriose anakwenda Ufaransa, au nafasi yake apewe mtu mwingine?

Kila Juni kundi hilo huenda kuendesha kandokando ya mto Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa, kwenye njia za changarawe zinazopita mashambani, mbali na magari. Mwaka jana walimchukua Bizimana awe fundi wao. Mwaka huu mwenzao, Sonia, amevunjika mkono, na nafasi yake iliyokwisha kulipiwa akamwachia Gloriose. Hati za safari zimepatikana. Kikwazo ni kimoja tu: gari linalobeba mizigo ya kundi halina kiti cha abiria, kwa hiyo kila anayekwenda lazima apige pedali. Na Gloriose, hadi Machi mwaka huu, hakuwa amewahi kukalia baiskeli.

"Kwetu mwanamke alipakiwa," anasema, akipangusa vumbi kwenye suruali aliyoazima kwa binti yake, Diane. "Ukiwa mugonjwa, ao ukiwa bibi harusi. Kuendesha? Jamani, watu wangekuja kuangalia."

Greyville nako wamekuja kuangalia. Siku za kwanza alijifunzia uani, chini ya ghorofa wanakoishi, na majirani wakavunjika mbavu. Ndiyo maana wamehamia Mobeni, kwa bakkie, pikapu ya kuazima, kila Jumapili kabla ya ibada. Ameanguka mara nyingi. Wiki iliyopita aliitupa baiskeli kando, akakaa chini akalia, akasema yeye si mtoto wa kufanywa kichekesho uzeeni. Bizimana hakubishana naye. Alikaa kando yake mpaka alipomaliza kulia.

Ukitaka kujua kwa nini mzee huyu anang'ang'ana hivyo, mrudishe kwa maneno Bugarama, huko Burundi.

Hapo ndipo alipoanzia kazi akiwa kijana, juu kabisa mlimani, kwenye barabara inayoshuka hadi Bujumbura. Alfajiri walifunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli mpaka mwendeshaji asionekane, halafu wakajiachia kwenye kona kama wendawazimu. Breki ilikuwa soli ya kiatu iliyokandamizwa kwenye tairi. Kurudi juu walining'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Wenzake kadhaa walikufia kwenye barabara hiyo, na anawataja kwa majina.

"Lakini asubui, eh!" anasema, na sauti inabadilika. "Uko juu, mawingu iko chini yako. Unaona kama dunia yote ni yako. Njaa unasahau."

Kisha vita vikamkimbiza. Kwao leo hakuna aliyebaki wa kumfungulia mlango. Shamba lina wenyewe wengine na wazazi walikwisha kuzikwa. Durban alianza kwa kulinda magari ya watu mtaani, akaja kuziba pancha, kazi ambayo leo anatoza eighty rand, hadi akaaminiwa kutengeneza baiskeli za gharama, hizi za changarawe zenye tairi pana na usukani uliopinda. Miaka yote hiyo aliosha udongo wa njia ambazo hakuwahi kuzikanyaga.

Mwaka jana akazikanyaga. Siku ya pili tu, kundi lilifika juu ya mteremko mrefu, mto ukimetameta chini kati ya miti ya jozi. Wenzake wakajiachia, wakapotea. Bizimana akabaki kileleni, amekamata breki.

Maisha yake yote alikuwa ameshuka milima akiwa na mzigo. Baiskeli tupu kwenye mteremko ilikuwa kitu kigeni kwake, aliiona itamrusha kama kishada. Akatazama kulia na kushoto, hakuna mtu. Akaokota mawe, akajaza mifuko miwili ya nyuma ya baiskeli mpaka ikalalamika. Ndipo akashuka, na anasema alishuka akiimba.

Chini kwenye shamba bibi mmoja, Joséphine, alimkuta akimwaga mawe hayo kando ya njia. Bibi akamuuliza kwa Kifaransa kama ametumwa kujenga ukuta. Bizimana, ambaye Kifaransa alikijua tangu shuleni, akamweleza ukweli wote, ndizi, malori na viatu. Bibi alicheka mpaka akashika mti. Halafu akamletea kiti na bakuli la kokwa za jozi, akamwomba asimulie tena polepole.

"Kundi ilinitafuta saa nzima," anasema Bizimana. "Eddy alikuwa amekasirika, eish! Mimi niko nakula."

Jioni ile alimpigia mkewe simu, akashindwa kusema. Gloriose alidhani kuna msiba. Alichotaka kumwambia ni kwamba bonde lile lilikuwa na harufu ya kwao, vumbi lililolowa umande, na kwamba alikuwa peke yake.

Maana huyu Gloriose ndiye aliyepokea zile ndizi. Alikuwa mchuuzi sokoni Bujumbura, na kijana wa Bugarama alimfikia kila siku akiwa mwekundu kwa vumbi, safari imekwisha. Ile barabara yenyewe, na yale mawingu, mwanamke hakuwahi kuyaona.

"Bugarama siwezi kumupeleka tena," Bizimana anasema. "Nimupeleke kwenye inafanana. Aone nilikuwa natoka wapi."

Saa moja kasoro. Wako juu ya njia kwa mara ya mwisho leo.

"Sasa achia," Gloriose anasema.

"Nini?"

"Nimesema achia, Papa Diane. Mbele yangu iko njia, siyo simba."

Anaachia. Baiskeli inayumba, inanyooka, inashika kasi. Changarawe inaruka. Katikati gurudumu la mbele linateleza na Bizimana anapiga kelele kwa Kirundi, mikono kichwani, lakini mwanamke anavuta breki kidogo, anaachia, anavuta tena, kama alivyofundishwa. Anafika chini, anapitiliza, anaingia kwenye majani marefu kando ya uzio na kuzama humo.

Bizimana tayari anakimbia, huku kandambili moja imebaki nyuma.

Kutoka majanini kinainuka kichwa, kilemba kimepinda. "Umeona? Papa Diane, umeniona?"

Bizimana amesimama katikati ya mteremko, mguu mmoja peku, analia waziwazi kama mtoto, na hajali kwamba mimi, mwandishi, namtazama. Baadaye atasema hakujua kama kumtazama mtu akishuka kunatisha hivyo.

Simu kwa Eddy inachukua muda mfupi. "Tunakuja wawili," anamwambia. "Sharp, iko sawa."

Wiki ya pili ya Juni, Mungu akipenda, watakuwa kando ya mto Lot. Namuuliza fundi kama amepanga kumtangulia mkewe, amwoneshe njia. Ananishangaa.

"Hapana. Mimi nitakaa nyuma," anasema. "Nikienda mbele, nitamuona wapi?"