Kinu cha Unga Kwenye Kona ya Meza

Baba mkubwa tulimwita Kiberenge, kama kile kigari kidogo cha reli, kwa kuwa ni mfupi na hatulii. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye uwanja wa stesheni, akipanga na kuunganisha mabehewa. Alipostaafu alijenga reli ndogo juu ya meza iliyojaa chumba kizima, na ole wake aliyeiita ya kuchezea mbele yake.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama mkubwa, cha kushonea. Alikitoa kwa sharti moja: aione tena ile safari ya treni kutoka stesheni hadi kinu cha unga alikofanya kazi usichanani. Miguu ilishamkatalia safari nyingine zote. Enzi hizo, kila siku ya mapumziko, Kiberenge alidandia treni ya mizigo kumfuata kinuni, naye mama mkubwa akisimama kando ya reli kumngoja.

Siku ya uzinduzi tulijazana mlangoni. Meza ilikuwa imesheheni: bohari la mafuta, kiwanda cha mbao, cha saruji, cha sabuni, kila kimoja na njia yake ya pembeni. Kiberenge akabonyeza swichi. Kichwa cha treni kikafika kinuni huku behewa la mwisho likiwa bado stesheni.

Mama mkubwa alitazama, kisha akauliza, "Mbona umefika kabla hujaondoka?"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Yeye hakucheka, na Kiberenge akanywea. Nilimwonea huruma, ingawa kosa lilikuwa lake waziwazi. Mtu wa uwanjani hupenda kila kitu kiwe karibu, asitembee sana kuunganisha behewa. Alikuwa amejenga uwanja wake wa kazi, akadhani ni safari.

Kesho yake aling'oa kiwanda cha sabuni. Haikutosha. Akang'oa cha saruji, alichokiezeka kwa mkono wake bati kwa bati, halafu cha mbao. Bohari la mafuta alilibakiza jirani na stesheni. Kinu akakihamishia kona ya mbali kabisa. Nilipotaka kujaza ule uwazi wa katikati kwa vijumba, alinikata jicho.

"Paache hivyo hivyo, mwanangu. Nikiwa njiani hapo, ndipo mama yako ananingojea."

Kwenye uwazi huo akainua mlima wa magunia yaliyochovywa kwenye plasta, na reli akaipitisha nyuma yake.

Safari hii tulimsogeza mama mkubwa na kiti chake hadi kwenye kona ya kinu. Kutoka pale stesheni haikuonekana. Tulisikia treni ikiondoka, ikapotelea nyuma ya mlima. Mama mkubwa akashika ukingo wa meza, akanyoosha shingo. Kiberenge aliipunguzia mwendo makusudi, jasho likimtoka, wala hakuthubutu kumtazama mkewe. Hatimaye treni ikachomoza, ikaingia njia ya pembeni na kusimama mbele ya kinu.

Mama mkubwa alikuwa analia.

"Umechelewa," akamwambia. "Nilishaanza kudhani leo huji."