Nilipiga Simu Kuhusu Sare

Mimi nimelelewa kwa Kiswahili. Baba alikuwa askari magereza, kabila lake Mwacholi; mama Mteso. Walikutana Jinja, na lugha waliyoelewana kwayo ni hiyo, basi ikawa ya nyumbani. Kisoga changu, lugha ya hapa Jinja, ni cha kununulia nyanya sokoni, Kiingereza ni cha kuandika, Kigisu cha watu wa Mbale sina hata salamu. Sikuona tatizo. Nashona gomesi, lile vazi refu la kina mama lenye mabega yaliyochongoka, na kitambaa hakimuulizi mtu kabila.

Wateja wangu wengi walikuwa upande wa Mbale, na wote niliwapata kwenye simu. Nikimaliza kushona namvalisha jirani, nampiga picha mbele ya duka, naiweka kwenye ukurasa wangu. Jioni maswali yanaingia kwa Kiingereza cha mkato, nami najibu hivyohivyo. Kisha serikali ikaufunga ule mtandao wenye ukurasa wangu. Tukahamia njia ya panya, yaani VPN, ile programu inayoidanganya mitambo kwamba uko nchi nyingine. Nikalipia tangazo, na wa kwanza kunijibu akawa mzungu wa Uholanzi, anauliza kama hilo ni joho la kanisani. Siku hiyo nilicheka. Sasa sina hamu.

Mama mmoja wa Nakaloke, mbele kidogo ya Mbale, alivumilia hiyo njia ya panya pamoja nami. Binti yake alikuwa anatambulisha mchumba nyumbani, naye alitaka mashangazi wote wavae gomesi za kufanana. Mwenye jengo alishaniambia nisipojikwamua na kodi mwezi ule nitoe cherehani zangu. Kazi hiyo moja ndiyo ingeniacha dukani. Mama aliniachia namba yake ya kufikishia mzigo. Yangu hakuwa nayo. Kilichobaki ni achague rangi, nikate.

Ndipo ikaja wiki ya uchaguzi, wakazima intaneti yote. Panya na njia zake kwisha. Nilikaa naitazama simu kama mjinga, nazima, nawasha. Wakubwa walisema ni kwa usalama wetu. Usalama gani huo, mimi nina vitambaa mezani na kodi shingoni?

Nikasema, si kuna kupiga? Nikampigia, na ulimi ukaenda kwao, kwenye Kiswahili.

"Habari ya asubuhi, mama. Wewe ndiye mwenye sherehe? Nimepiga kuhusu sare."

Nikadhani hasikii, nikaongeza sauti. Nikamuuliza watakaovaa sare ni wangapi sasa, na nyumba iko upande gani wa barabara.

"Afande," akasema, "hapa kwetu hakuna sare. Hata moja hakuna. Sisi ni watu ya kanisa tu."

Nikamwambia mimi si afande, mimi ni fundi. Alikuwa ameshakata. Nilipopiga tena, simu imezimwa.

Kwa watu wa kule, Kiswahili ni lugha ya mwenye bunduki. Wazee wao waliisikia vizuizini, waliisikia mlango ukigongwa. Na sare, wiki kama ile, ni nguo ya jeshi, ambayo raia akikutwa nayo amekwisha. Kwetu kambini, kwenye nyumba za askari magereza nilikokulia, sare ilikuwa ya shule, ya kwaya, ya harusi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu linamtia baridi neno hilo.

Nilichagua rangi mwenyewe, nikakata, nikashona huku namwomba Mungu, nikabeba mzigo mpaka Mbale, nikaunganisha gari la Nakaloke. Niliulizia nyumba yenye sherehe kwa kile Kiingereza changu cha kujikwaa. Mwanamke aliyenionyesha alisema sherehe haipo tena.

Mama alipojua ni mimi, na kwamba ile sauti ilikuwa yangu, alikaa chini kwenye ngazi. Angenifokea ningepata nafuu. Akanieleza taratibu kwamba baada ya simu ile waliwatumia wageni habari wasije, na binti wakamficha kwa mjomba wake. Sababu hawakuthubutu kuitaja kwenye simu. Upande wa kijana wakachukulia wamekataliwa, wakakasirika, na mpaka siku hiyo walikuwa bado wanabembelezwa. Binti alitoka ndani, akapiga magoti, akanisalimu vizuri kabisa kama mgeni mwingine yeyote. Nilikosa pa kutazama. Gomesi nilirudi nazo, kwani ningemwambia nini, anunue?

Intaneti waliirudisha. Ukurasa wangu ulibaki ng'ambo ya kizuizi, na watu wamechoka kuitafuta njia ya panya kwa ajili ya nguo. Duka ndiyo hivyo tena, nilikuwa nalipigania kwa siku zilizobaki. Nikatoa namba ya mteja mwingine, mwanamke wa Mbale mjini aliyewahi kuulizia gomesi ya harusi. Nikajipa moyo, nikapiga. Akapokea kwa sauti ya furaha.

"Hallo?"

Maneno yote nilikuwa nayo, kitambaa, rangi, lini ningemletea, na yote yalikuwa ya Kiswahili.

"Hallo? Nani?"

Nikakata mwenyewe kabla hajaogopa.