Maji Yaliyolala

Nyoka kifutu alimkosa Shuaibu kwa upana wa vidole viwili, na Shuaibu hakushtuka. Kitwana, mhudumu aliyekuwa amesimama nyuma yake na kisanduku cha panya, ndiye aliyepiga yowe akaangusha kisanduku, panya wakatimka chini ya makabati. Shuaibu alirudisha kioo mahali pake, akageuka, akasema, "Haya, kamata panya." Basi. Hata kuuangalia mkono wake hakuuangalia.

Siku hiyohiyo makumbusho yote ya wanyama hai, pale nje kidogo ya Bagamoyo kwenye barabara ya Msata, yakajaa maneno kwamba mzee ana dawa. Dawa gani, jamani! Lakini mtu akishazaliwa Mkange, huko njia ya Saadani, watu wa mjini wako tayari kumwaminia dawa yoyote. Ukweli ulikuwa mfupi kuliko huo. Shuaibu alifiwa na mkewe miezi saba nyuma, na tangu siku ile hakuna kitu kilichomfika. Hofu haikumfika, njaa haikumfika, raha ndiyo usiseme. Alikuwa anatia mkono kwenye kizimba cha nyoka kama wewe unavyotia mkono mfukoni kutafuta ufunguo.

Siyo kwamba alianza hivyo. Alipokuja Bagamoyo kijana wa miaka ishirini na kitu, aliajiriwa kufyeka majani, na makumbusho yenyewe wakati huo yalikuwa nyumba moja, kobe watatu na chatu mmoja aliyechoka. Siku moja huyo chatu aliyechoka akapata nguvu za ghafla, akaenda kujilaza kwenye choo cha wageni. Wakubwa wote juu ya meza. Mfyeka majani akaingia huku anatetemeka mwili mzima, akatoka na chatu shingoni. Alitetemeka, narudia, maana mwenyewe alikuwa akisimulia hivyo na kucheka mpaka machozi. Kesho yake wakampa funguo. Akasomeshwa kozi ya kwanza, ya pili, mvi zikaingia, na leo, miaka ishirini na sita baadaye, ndiye Msimamizi wa Kitengo cha Reptilia na Amfibia, cheo kirefu kuliko nyoka wengine anaowatunza.

Na usije ukadhani kazi ya msimamizi ni kushika nyoka mbele ya wanafunzi wapige picha. Kazi ni daftari. Nani amekula, nani amegoma, nani amejivua gamba likanasa machoni, taa ipi ya joto imeungua, kinyonga yupi amekuwa mweusi bila sababu. Wahudumu watatu wanafanya na kutia saini, yeye anapita nyuma yao kuangalia. Kikiharibika kitu, yeye ndiye anayeandika ripoti na kutaja jina.

Mkewe aliitwa Shufaa, mtoto wa nyumba za kale za mjini, watu wa duka na vyombo. Posa ilipopelekwa, shangazi zake waliuliza kijana anafanya kazi gani. "Analisha nyoka." Loh! Iliwachukua mwaka mzima kulimeza jibu hilo. Shufaa mwenyewe alicheka tu, akasema angalau huyo najua atakuwa anashinda na nani.

Mungu hakuwajaalia mtoto. Waliishi wawili, kwenye nyumba yao mtaa wa Dunda, miaka ishirini na miwili. Kila jioni Shufaa alimngoja barazani na ndimu iliyokatwa, maana mkono uliogusa nyoka hauingii kwenye sinia yake ya wali bila kusuguliwa. Kisha anataka habari: nani kala leo, nani kagoma. Aliwajua wanyama wote kwa majina yao na hakukanyaga makumbusho hata siku moja.

Jumatano moja asubuhi akaanguka jikoni. Kiharusi. Shuaibu alikuwa kazini anamtoa kobe kupe, simu iko kwenye droo. Alipofika nyumbani watu wameshajaa. Alasiri wakazika. Watu wakamsifu: mwanamume ana subira huyu, mwangalieni, hata chozi! Subira wapi! Alikuwa anangoja kilio kama mtu anavyongoja basi pale Msata. Ya wenzake yakapita, lake halikuja. Khitma ikasomwa, arobaini ikafika, mashemeji wakalia upya, yeye akawa anawagawia maji ya kunywa.

Kitu kimoja tu alijua kwamba hakitaki, nacho ni kukaa nyumba ile mchana. Alitoka alfajiri, akarudi baada ya isha, akalala kwenye mkeka sebuleni, viatu karibu. Kazini kulikuwa na daftari la kusoma na vioo vya kufuta, siku inasogea. Baada ya mambo ya kifutu, mkurugenzi alimwita. Bi Sabiha alikuwa mwanamke mpole, umri wa mdogo wake. "Mzee Shuaibu," alimwambia, "mimi nakuona. Kosa moja tena, nakupa likizo ya miezi mitatu. Ukapumzike nyumbani." Mwingine angechinja kuku kwa furaha. Shuaibu aliitikia, "Ahsante, mkurugenzi," akatoka nje, akasimama kwenye kizimba cha kenge muda mrefu bila kumwona kenge.

Sasa twende kwa vyura.

Chumba cha vyura kilikuwa cha Hajra, binti wa Chalinze, mwaka wake wa kwanza kazini, mkataba unaisha mwisho wa mwezi huohuo. Mama yake anauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi, na Hajra alikwishaapa kwamba yeye hatarudi kukimbilia madirisha ya mabasi na ndoo ya mayai kichwani. Na alikuwa na mkono mzuri, hilo kila mtu alilikubali. Alichukua mayai ya vyura wa kwenye matete, akayatunza yakaanguliwa, viluwiluwi wakaota miguu, na masika yalipochanganya alikuwa na vyura hamsini na wanne wadogo kama ukucha, kijani kibichi, wengine bado wanaburuta mkia. Kila asubuhi aliwahesabu kwa sauti, na akipoteza hesabu anaanza upya.

Chura hanywi kwa mdomo, maji yanamwingilia kwenye ngozi. Maji ya bomba nayo yana dawa ya kuua vijidudu, na msimu wa mvua dawa inazidi mpaka chai inanuka. Kwa hiyo maji ya vyura lazima yalale. Ndoo sita zinajazwa, zinaachwa wazi ukutani siku mbili, dawa inapotea hewani, na kila ndoo inabandikwa utepe ulioandikwa siku iliyojazwa. Utaratibu huo aliuanzisha Shuaibu mwenyewe, na alikuwa mkali nao.

Alhamisi adhuhuri bomba likakauka. Shuaibu alikwenda kutia udhu, hakupata hata tone. Akaziona ndoo. Akachota kwa kopo kwenye ndoo ya nne, akatia udhu, akaenda kusali katika chumba kidogo cha nyuma. Saa tisa bomba likarudi. Na huyu ni mtu aliyelelewa akaleleka: kwao Mkange ukitumia maji ya mtu unayarudisha, tena si adabu kumwachia masazo. Maji yaliyobaki akamwagilia maua, akaisuuza ndoo, akaijaza bombani mpaka juu, akairudisha mstarini. Utepe ukabaki unasema Jumanne. Mikono ilifanya yote hayo kwa heshima kabisa, kichwa hakikuwepo.

Ijumaa asubuhi Hajra akasoma utepe, akaona Jumanne, akawabadilishia vyura maji kwa ndoo ya nne, akatia saini. Saa nane mchana walikuwa wanaelea matumbo juu. Walipona watatu. Hajra alikaa sakafuni akalia kwa sauti kama aliyefiwa, huku anawaokoa mmoja mmoja kwa kijiko na kuwaweka kwenye maji mengine, na wao wamekwisha kufa. Shuaibu alisimama mlangoni akaangalia. Alijua kwamba ni jambo la kusikitisha. Alilijua kama anavyojua Pangani iko kaskazini.

"Ripoti niipate Jumanne," alisema Bi Sabiha. "Kilichotokea, na aliyehusika." Mkataba wa Hajra ulikuwa mezani kwake unangoja saini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Jumamosi, Shuaibu anatia udhu bombani, maji yakamnukia dawa. Akakumbuka. Kopo, maua, ndoo, bomba, vyote kwa mpangilio. Akangoja moyo uruke. Haukuruka. Akamalizia mguu wa kushoto, akaenda kusali. Baada ya sala alikaa akalipima jambo lenyewe, na lilikuwa wazi kabisa: akisema, atapelekwa miezi mitatu kwenye nyumba ile, akinyamaza, Hajra atarudi Chalinze. Akanyamaza. Tusimtetee. Alinyamaza akijua.

Jumapili Hajra akamfuata kwenye vioo vya nyoka, macho yamevimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nimekosea wapi? Utepe niliusoma. Au nilinawa na sabuni nikasahau kusuuza mikono? Niambie tu, sitakasirika."

Shuaibu alikuwa anafuta kioo cha koboko. Hakuacha kufuta. "Kasome daftari upya," akasema. "Utaona."

Akaenda kusoma. Maskini ya Mungu, alisoma kuanzia mwezi wa kwanza.

Ripoti iliandikwa Jumatatu. Vyura wamekufa kwa dawa iliyokuwemo kwenye maji ya ndoo ya nne; aliyebadilisha maji ni yule aliyetia saini. Hakuna neno la uongo hata moja mle ndani. Shuaibu aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri.

Jumanne saa nne waliketi watatu ofisini. Bi Sabiha aliisoma ripoti kwa sauti, akavua miwani. "Hajra, una la kusema?"

Shuaibu alikuwa amejiandaa. Binti atajitetea, atalia, atasema utepe, utepe, na yeye ataangalia dirishani mpaka yaishe. Hajra hakujitetea. Alifungua mkoba, akatoa funguo za chumba cha vyura, akaziweka juu ya meza.

"Sina, mkurugenzi. Nimesoma daftari lote kama mwalimu alivyoniambia na kosa silioni. Lakini wamefia mkononi mwangu, kwa hiyo ni mimi. Mama nimeshampigia."

"Siyo yeye," akasema Shuaibu, kabla hajajua kwamba amefungua mdomo. Sauti ilimtoka kavu, kama anasoma orodha ya panya. "Ni mimi. Alhamisi bomba lilikauka, nikatia udhu kwa ndoo ya nne."

Bi Sabiha alimkodolea macho. "Umetia udhu kwa maji ya vyura?"

"Yaliyobaki nikamwaga. Nikarudishia mengine. Ya bomba."

"Ukarudishia!" Bi Sabiha alijishika paji la uso. "Lahaula! Mzee Shuaibu, wewe!" Akazisogeza funguo upande wa Hajra. "Chukua funguo zako, mwanangu. Mkataba nitausaini leo. Na wewe mzee, unajua nililokwambia. Kabidhi daftari kwa Kitwana, nisikuone hapa mpaka mwezi wa nane."

"Sawa," akasema Shuaibu, akainuka.

Hajra hakuzigusa funguo. "Umejua lini, mwalimu?"

"Jumamosi."

"Jumapili nilikuja kukuuliza."

"Ulikuja."

"Ukaniambia nikasome daftari."

"Nilikwambia."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Hajra alimwangalia. "Na mimi jana nilimwombea dua mkeo," akasema. "Nilisema, mzee wa watu amefiwa hata mwaka haujaisha, na mimi nimemwongezea msiba wa vyura."

Aibu ikamshika Shuaibu. Ilianzia masikioni, ikashuka kifuani, ikamchoma hasa, mpaka akashika ukingo wa meza. Bi Sabiha akamsogezea kiti, hakukaa. Miezi saba hakuna kitu kilichomuuma, na sasa ilimuuma ile Jumapili, ule uso unaomuuliza nimekosea wapi, na nyuma ya Jumapili ikaja Jumatano ya jikoni, yote kwa mkupuo mmoja, mchana kweupe, mbele ya wanawake wawili.

"Shufaa amekufa," akasema, kama ndiyo kwanza habari imemfikia na anataka waijue.

Hajra alichukua funguo zake mezani, akatoka kwenda kwa vyura wake watatu.