Aliyekaa Kati ya Filimbi na Bendera

Jioni ile ya Jumamosi nilikuwa napiga pasi shati la mume wangu la kwenda nalo kanisani. Nikasikia watu wanakusanyika nje. Nilipochungulia dirishani niliona jezi za rangi ya chungwa zimejaa mbele ya karakana yake ya makochi. Mwanaume mmoja mzima alikuwa amekaa juu ya kochi lililokuwa likisubiri kuvishwa kitambaa, analia huku amejifunika uso kwa skafu. Nikadhani timu imefungwa. Watu wale nilikwisha kuwaona wakilia kwa ajili ya penalti, kwa hiyo nikarudi kwenye kola ya shati.

Hodi ilipopigwa, alikuwa ni Mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Hakuingia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Shemeji," aliniambia, "weka pasi chini kwanza."

Ndipo akanieleza. Basi walilokodi lilipasuka tairi kwenye mteremko wakati wanarudi kutoka kwenye mechi ya ugenini, likapinduka. Wengi walitoka na majeraha. Waliokaa kiti cha nyuma hawakutoka: mume wangu, na yule mwanamke waliyemwita Filimbi, na kijana waliyemwita Bendera.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichouliza hakikuwa hali ya mwili wake wala mahali alipolazwa. Niliuliza nani alimpigia simu. Akasema walionusurika walimpigia yeye, na yeye akawaarifu wanachama. Basi mtaa mzima ulijua mume wangu amekufa, nami nanyoosha kola yake. Mwenyekiti alitafuta la kunifariji, akasema, "Walikuwa pamoja, shemeji. Kama kawaida."

Neno hilo "kama kawaida" lilinichoma kuliko lile la kifo. La kifo lilikuwa bado halijanifikia. Hili nililijua siku nyingi.

Mume wangu alikuwa fundi makochi. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake tangu akiwa kijana: kung'oa misumari ya kochi la zamani, kutoa sponji iliyooza, kukaza mikanda, kuvisha kitambaa kipya hadi kochi lisahau umri wake. Ukifungua tumbo la kochi, alikuwa akisema, unakuta maisha ya wenyewe. Kalamu, funguo, vifungo, jino la mtoto. Kila alichokuta alikifunga kwenye mfuko na kukirudisha pamoja na kochi. Ndivyo nilivyomfahamu. Nilimsindikiza shangazi yangu kuchukua kochi lake, fundi akamkabidhi hereni aliyokuwa amemsingizia msichana wa kazi kwamba kaiiba. Shangazi aliona haya mpaka akasahau kupatana bei. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye.

Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za kazi, nzuri. Ukimuuliza chakula, kizuri. Nilizoea, nikajua ndivyo Mungu alivyomuumba, na nilimshukuru Mungu kwamba sikuolewa na mlevi wala mgomvi. Lakini Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na ngoma aliyoitengeneza mwenyewe kwa pipa na ngozi ya kiti kimoja cha zamani cha ofisini, na tangu asubuhi alikuwa akiizunguka kama bwana harusi. Tawini walimwita Ngoma. Majirani walinitania kwamba nimeolewa uke wenza, bibi mkubwa ni timu. Nilicheka nao. Siku ya ubatizo wa binti yetu alifika amechelewa, na rangi ya chungwa bado imeganda masikioni. Mchungaji aliyamaliza ya mtoto, akamtazama baba, akasema nusura naye ambatize upya. Kanisa zima lilicheka. Hilo nalo nililicheka.

Timu niliweza kuivumilia. Filimbi ndiye aliyenishinda.

Niliwahi kwenda uwanjani mara moja tu. Walikaa benchi lile lile siku zote: Filimbi upande huu, mume wangu katikati, Bendera upande ule. Filimbi alikuwa muuza viatu vya mitumba, mwanamke mnene mwenye kifua cha kupuliza. Yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo, na ngoma ya mume wangu ilimfuata. Mchezo ukiwa umesimama, mwanamke yule aliinama akamnong'oneza mume wangu jambo, na mume wangu akarudisha kichwa nyuma akacheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Meno yale mimi sikuwahi kuyaona. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza ameambiwa nini. Akasema, "Aa, mambo ya mpira tu." Sikwenda tena.

Hapakuwa na ubaya kati yao. Nasema hivi mbele za Mungu, na kila mtu tawini atasema hivyo hivyo. Ubaya ungekuwepo, ningekuwa na la kushtaki. Wivu usio na kesi ndio mgumu kubeba, maana huna pa kuupeleka.

Msiba uliwekwa nyumbani kwetu. Mashabiki walijaza mabenchi uani, nami nilikaa chumbani na wanawake wa kanisani. Wa uani walianza na huzuni, wakaishia kwenye visa. Nikamsikia mmoja akieleza jinsi Ngoma alivyowapa wachezaji majina ya makochi. Beki wao mzito alimwita kochi la watu watatu: ukitaka ageuke, tafuta vijana wanne wamwinue. Kipa alimwita stuli, hana mikono. Mwingine akasimulia alivyokuwa akimuiga refa mwenye kitambi, kuanzia anavyokimbia mpaka anavyotafuta kadi kwenye mfuko usiokuwa wake. Ua ulipasuka kwa vicheko na vilio kwa pamoja.

Binti yangu aliingia macho mekundu, anatabasamu. "Mama, kumbe baba alikuwa mchekeshaji."

Nikamwambia afunge mlango. Akafunga. Nikasogeza kiti changu karibu na mlango.

Ndivyo nilivyokaa msiba wa mume wangu, nimetega sikio, nikipokea mabaki ya mtu niliyelala naye kitanda kimoja. Watu hawa walikuwa na mume ambaye mimi sikupewa. Kila kisa kilianza na yeye na kuishia na Filimbi: Ngoma akasema hivi, Filimbi akajibu vile. Mimi sikuwemo hata kwenye kimoja. Wanawake wa kanisani walidhani nasali kwa sababu midomo yangu ilikuwa inacheza. Nilikuwa nahesabu mara ngapi jina la mwanamke yule linatajwa, mpaka nikachoka.

Kesho yake Mwenyekiti alikuja na kamati yake, pamoja na kaka za marehemu. Walikuwa wamekwisha kuelewana na wasimamizi wa makaburi. Watatu wale watazikwa siku moja, safu moja, kama walivyokaa uwanjani: Filimbi, Ngoma, Bendera. Mwenyekiti aliyasema hayo kama mtu anayeleta zawadi, na kaka za marehemu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

Nikauliza, "Na mimi nitalala wapi?"

"Shemeji, wewe si uko hai?"

"Nauliza siku nitakapokufa."

Wakatazamana. Hilo hawakuliwaza. Mama yangu amelala ubavuni mwa baba yangu, bibi yangu ubavuni mwa babu, na mimi tangu siku ya ndoa sikuwahi kufikiri vingine. Mwenyekiti alijikuna shingo, akasema miguuni pake kuna nafasi nzuri tu.

"Miguuni," nikasema. "Ubavuni alale Filimbi, mimi miguuni."

Mmoja wa kaka zake akaangalia dari. Nikawaambia mume wangu awekwe pembeni ya safu, upande mmoja uachwe wazi. Mwenyekiti alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba haiwezekani. Ngoma hukaa katikati ili wote wawili waisikie. Bendera naye lazima awe pembeni, la sivyo kitambaa kitampiga mwenzake usoni.

"Huko chini atampepea nani, Mwenyekiti?"

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa na machozi, na nilijua hanifanyii inda. Yeye kweli alikuwa akiwaona wamekaa. Waliondoka bila neno la mwisho, na nilijua nikinyamaza mpaka kesho, makaburi yatachimbwa wanavyotaka wao.

Niliomba. Sikumwomba Mungu aniondolee wivu. Tangu darasa la ubatizo tulifundishwa kwamba yeye mwenyewe ni Mungu mwenye wivu, asiyekubali kugawana walio wake, kwa hiyo niliamini haya ataniwia radhi. Niliomba ile nafasi ya pembeni, basi.

Mchana huo alikuja mtu nisiyemzoea. Mwembamba, amevaa sare ya mlinzi wa shule, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Akasema yeye ni mume wa Filimbi. Nikamkaribisha kiti, akakaa ukingoni mwake.

"Pole na msiba, mama."

"Pole na wewe, baba."

"Nimekuja kwa habari ya makaburi." Alimeza mate. "Sitaki mke wangu alale karibu na mumeo. Usinielewe vibaya. Marehemu alikuwa mtu mwema."

"Sijakuelewa vibaya. Nimekuelewa vizuri sana."

Akaniangalia, mabega yakashuka. Akaniambia kwamba nyumbani mke wake alikuwa hana sauti. Sokoni amepayuka siku nzima, uwanjani amepuliza, akifika nyumbani anaongea kwa macho tu: chumvi ile pale, taa zima. Yeye naye Jumamosi alikuwa zamu langoni, anasikiliza mechi redioni, na katikati ya kelele za uwanja mzima aliitambua filimbi ya mkewe. Na nyuma ya filimbi, ngoma ya mume wangu.

"Ulikuwa unamwonea wivu mke wangu?" akaniuliza.

"Hadi leo."

"Nami nilimwonea mumeo. Hadi leo, na ni maiti." Akatikisa kichwa. "Mungu anatuona, mama."

"Acha atuone."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kukaa na mtu ambaye sikulazimika kumficha uso wangu. Tulikubaliana upesi, kama watu wenye duka moja. Bendera hakuwa na mke wala mtoto. Akae yeye katikati, wetu wawe pembeni, na ubavu wa nje wa kila mmoja uachwe wazi.

Tulikwenda pamoja kwa mama yake Bendera, maana bila yeye hatukuwa na haki ya kumsogeza mwanawe. Tulimkuta sakafuni, miguu ameinyoosha, ameegemea makopo ya rangi ya mwanawe. Kijana alikuwa fundi rangi. Nilimweleza haja yetu, na nilipokuwa nasema nikaona ilivyo ndogo mbele ya mama aliyefiwa na mtoto wa pekee. Lakini sikuirudisha.

"Mwanangu alikuwa anaogopa kulala peke yake tangu mdogo," akasema. "Akiwa katikati ana watu huku na huku. Mwekeni."

Mwenyekiti alipotuona watatu tumesimama mbele ya ofisi ya tawi, alijua ameshindwa. Aliuliza kama tunaelewa kwamba tunawapanga vingine kabisa. Mume wa Filimbi akamjibu kwamba uwanjani aliwapanga yeye, nasi hatukupinga. Mwenyekiti akakubali. Aliomba jambo moja tu, ngoma ipigwe. Nikasema kanisani hapana. Makaburini, baada ya amina ya mwisho, wapige.

Tuliwazika siku ya Jumatano. Hatukuwa wote wa kanisa moja, kwa hiyo wachungaji wawili walisimama pamoja na kugawana maombi. Mashabiki walikuja wengi, wamevaa makoti juu ya jezi ingawa jua lilikuwa kali, na nilijua wamefanya hivyo kwa ajili yangu. Mchungaji wetu alisema mwanadamu hana mali hapa duniani, hata mume au mke ameazimwa tu. Niliitikia amina pamoja na wengine.

Filimbi alitangulia kushushwa, kisha Bendera, kisha mume wangu. Nilitupa udongo wangu, binti yangu akatupa wake. Ng'ambo ya safu mume wa Filimbi alikuwa amepiga magoti, na mama yake Bendera alisimama kati yetu ameshikwa mikono na wanawake wawili.

Baada ya amina ya mwisho mjumbe mmoja aliichukua ngoma ya mume wangu akaanza kupiga. Kwangu mimi ilikuwa ni ngoma tu, nikaona anapiga vizuri. Kisha nikaziona nyuso za mashabiki na kugundua kwamba anakosea. Walijua pigo linapaswa kwenda wapi, wakawa wanalisubiri, na halikuja. Niliwaonea wivu hata hapo, kwa kujua kwao. Mpigaji naye alijua. Aliendelea kidogo, akasimama, akaiweka ngoma chini, na watu wote wakalia.

Wachimbaji walimalizia kwa majembe na kusawazisha udongo. Msimamizi alichomeka vijiti kwenye nafasi mbili zilizoachwa, moja kila upande, akaniuliza kama panatosha. Nikasimama pale nikapaangalia, nikamwambia panatosha. Nilimwambia mume wangu alale salama. Mwenyekiti alinipa mkono, nikaupokea. Tukasubiri mama yake Bendera amalize kuaga, kisha sote tukatoka kwa miguu mpaka getini, na kila mtu akaelekea kwake.