Askari wa Damu ya Mke Mwenzangu

Miaka hiyo ya tisini vidole vyangu vilivimba, hata kifungo cha sweta nafungiwa. Majani yangu yakaanza kuzeeka shambani. Kwetu kila nyumba ina chai yake, na mke wa nyumba nyingine haitii mkono. Nilitaka kupona kabla mzee, mume wetu, hajafikiria kumtia mwingine kwa chai yangu.

Kumbe mke mwenzangu, yule mdogo, naye analalamika viungo. Hata ugonjwa hakuniachia! Mzee akatupeleka sote hospitali, tukatolewa damu.

Daktari akasema kwa damu kuna kingamwili, ndio askari wa mwili. Wa mwenzangu ni wengi sana, wangu ni wachache kuliko wake. Mimi kusoma sikusoma. Nilijua senta ya kuuzia majani, na pale kwa mizani anasifiwa mwenye kilo nyingi. Wivu ukanikaba.

Naye hakunyamaza. "Mama mkubwa, hata kwa damu nimekushinda!"

"Askari wengi ni wa mtu mwenye maadui wengi," nikamjibu.

Sista aliyetutoa damu akacheka mpaka akashika meza. "Nyinyi kina mama! Hawa askari wamekosea adui, wanapiga mwenye nyumba. Wingi wao si sifa."

Nilirudi nyumbani nimechangamka, nikangoja nimwone akilala chini kwa maumivu. Asubuhi, na baridi yote ile, nikamwona kwa chai yake, vidole vinadonoa kama kuku. Mimi kikombe kimenishinda.

Nikarudi kumuuliza daktari. "Mama, hesabu ya damu haisemi mkono utauma namna gani," akaniambia. "Mwingine anao wengi na anafanya kazi."

Mwingine! Kwa nini yeye?

Mzee akatoa neno: "Huyu atakuchunia mpaka upone." Mwanamke akizoea mistari yako ya chai, kesho watoto wake wanasema ni ya mama yao. Nikabeba kiti, nikaketi katikati ya chai yangu.

"Mama mkubwa, utanyeshewa."

"Chuna. Nakuangalia."

Akachuna majani mawili na ncha, chai ikabaki imenyooka juu kama meza. Nikapekua kikapu nitafute jani gumu. Hakuna.

"Ukifika senta, pima kwa namba yangu ya mkulima," nikamwambia.

"Kwani nilisema ya nani?"

Akaendelea, wala hakukunja uso. Angalau angesema mkono unamuuma.